Swali la Nyuma ya Pazia

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya hospitali, na mashamba ya chai yaliyopakana na ua hayakuonekana kabisa. Kemuma aliwasha taa zote za chumba cha mashine ingawa ilikuwa saa mbili na nusu. Akanawa mikono mara mbili. Akafungua faili lililokuwa mezani, akasoma jina, akalifunga tena kana kwamba jina lingebadilika akilipa muda.

Weldon Kipkemoi. Miaka thelathini na miwili. Makao, Kimulot. Mtoaji.

Alikuwa amemwomba Adoyo, muuguzi mwenzake, amshikie siku hii moja tu. Adoyo alikubali bila kuuliza, kwa sababu kitengo kizima kilijua. Lakini alfajiri simu ililia. "Kemu, nisamehe. Mtoto amechemka usiku wote, niko naye kwa foleni ya daktari. Utaweza?"

"Nitaweza," Kemuma alijibu, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake.

Hakukuwa na mtu wa tatu. Katika hospitali nzima ni wawili tu waliofunzwa kuiendesha mashine ile, na Kemuma ndiye aliyekuwa mkuu. Mashine huitoa damu ya mtu kwa mkono mmoja, huizungusha kwa kasi, hukamata kile inachotafuta, kisha hurudisha iliyobaki kwa mkono wa pili. Leo ingetafuta seli mama. Wagonjwa aliwaelezea kuwa hizo ni mbegu za damu. Ukizipanda kwa mtu ambaye damu yake imeoza, huenda zikaota, huenda zisiote.

Aliyezingoja mbegu hizo alikuwa Janeffer, mdogo wake Weldon, msichana wa miaka kumi na tisa aliyelazwa ghorofa ya juu na saratani ya damu.

Kemuma akafungua mlango wa kuingilia ukumbini.

Walikuwa watatu kwenye benchi. Mama yao katikati, kitambaa cheupe kichwani, buyu la mursik, maziwa ya mgando, limefungwa kwa leso mapajani mwake. Kushoto, Kiplimo, kifungua mimba, mwanamume mpana aliyekata miti msituni tangu ujana wake. Kulia, Weldon, amevaa koti lile la kijani la madereva wa malori ya majani chai. Alikuwa amekonda. Kwa siku nne alikuwa akidungwa sindano za kuchochea mbegu zitoke ndani ya mifupa, na Kemuma alijua jinsi zinavyouma mgongo, lakini hakukonda kwa sababu ya sindano.

"Chamgei, mama," Kemuma alisalimu, kwa maneno machache ya Kikipsigis aliyofundishwa na Weldon.

"Nzuri, sista," mama akajibu kwa Kiswahili. Lilikuwa jibu la kufunga mlango. "Na huyu naye, utampima mpaka asifae?"

"Mama, wacha," Weldon akasema.

"Nauliza tu. Kuuliza ni makosa? Niko na wavulana wawili. Mmoja, daktari mwenyewe alisema damu yake na ya Janeffer ni moja, ni kama mapacha. Anabeba gogo peke yake huyu! Akaingia kwa hilo pazia mzima, akatoka hafai. Hafai kwa nini? Hatujaambiwa. Anayejua ni wewe."

Kemuma alimtazama mama, na hakumtazama Kiplimo. Kumtazama kungekuwa kusema. Lakini pembeni mwa jicho lake aliyaona mabuti ya Kiplimo, yenye tope la Kimulot, yakirudi nyuma polepole chini ya benchi.

"Mtoaji aingie," alisema. "Wengine mtangoja hapa."

*

Wiki tatu zilizopita Kiplimo alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile, nyuma ya pazia lile lile la buluu. Kila mtoaji, kabla ya jambo lolote, huketishwa hapo peke yake, asiwepo mama wala mke wala mchungaji, na husomewa maneno ya fomu. Kemuma alikuwa hajafika nusu ya maneno hayo pale mwanamume yule mpana alipoanza kutetemeka.

"Sista, baba alilazwa kwa mashine kama hii, Nakuru. Ya figo. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono. Nikaona damu yake ikitembea kwa mpira, nikaiangalia, nikaiangalia, na yeye akawa anapoa." Alifuta uso kwa kofia yake. "Nampenda Janeffer. Ningempa shamba langu lote. Lakini hiyo mashine siwezi. Usiku silali. Mama akijua, nimekwisha kwake. Hataniita mtoto tena."

Kemuma alimwambia kuwa bado ana siku za kufikiri. Alimwambia kuwa hofu hutibika. Kiplimo alirudi mara mbili, na mara zote mbili alifika kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, akasimama hapo akitokwa jasho, akageuka. Mara ya tatu akasema, "Andika hapana." Basi Kemuma akaandika kama sheria inavyotaka kwa kila anayekataa: hafai kitabibu. Neno moja zaidi lisiandikwe.

Na neno hilo lilimwangukia Kemuma mwenyewe.

Kwa sababu mama mtu hakumtaka awe mke wa Weldon tangu mwanzo. Siku Weldon alipompeleka nyumbani Kimulot mara ya kwanza, mama alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema mbele ya wageni, "Ameshakomaa huyu. Na lugha yetu haijui; akikaa hapa atazungumza na nani, na kuku?" Watu walicheka. Maziwa yalipopitishwa, kikombe kilimruka. Weldon alimwomba avumilie, mama atalainika. Ilipangwa kuwa mwezi wa nne wazee wa Kimulot wangeshuka Sotik, nyumbani kwa baba yake Kemuma, Mzee Onyiego, kwa koito, kumposa mbele ya watu. Mzee Onyiego alikuwa ameshaazima viti vya kanisa.

Kisha Kiplimo akatoka nyuma ya pazia hafai, na mama akasema wazi: mwanamke yule analipiza kisasi cha kikombe cha maziwa.

Weldon alikuja mlangoni kwake jioni hiyo, mvua ikimtiririka.

"Nipe sababu moja tu, Kemu. Ana ugonjwa? Ana nini?"

"Siwezi."

"Mimi si mtu wa kando. Mimi ni mume wako mtarajiwa."

"Hata ungekuwa mume wangu wa miaka ishirini, nisingeweza."

Alimtazama kwa muda mrefu. Macho yale ambayo Kemuma aliyapenda kwa sababu yalikuwa hayajui kuficha, usiku ule yalionyesha kila kitu. "Basi Janeffer anakufa," alisema, "na wewe umenyamaza." Akaenda. Viti vya kanisa vikarudishwa. Simu ya Kemuma haikulia tena kwa jina la Weldon.

Damu ya Weldon ililingana na ya Janeffer nusu tu. Daktari alieleza kuwa nusu pia hujaribiwa, ila njia yake ni ndefu zaidi na ina mashimo mengi zaidi. Hapakuwa na njia nyingine.

*

Sasa alikuwa ameketi mbele yake, mikono ya shati imekunjwa, macho ukutani.

"Una maumivu?" Kemuma aliuliza.

"Mgongo. Na kiuno."

"Ni sindano zile. Baada ya siku mbili yataisha."

"Sawa, sista."

Sista. Miezi minane alikuwa amemwita Kemu, na mara moja tu, kwenye mvua ya mawe, wakiwa wamejikinga chini ya paa la kituo cha kupimia majani, alimwita mama wa watoto wangu. Kemuma aliinama juu ya mkono wake kutafuta mshipa. Alijua mkono ule. Alijua kovu la mnyororo wa lori chini ya kiwiko. Alilipita kwa kidole chenye glavu kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kuishi.

"Kabla ya sindano kuna maneno ya kusoma," alisema.

"Adoyo alishasoma."

"Huwa yanasomwa mara mbili. Siku ya kwanza na siku ya mashine."

"Basi lete kalamu. Hata kwa Adoyo sikuyasikiliza. Nilimwambia, dada yangu yuko juu anangoja, niletee kalamu."

Kemuma alishika ubao wa karatasi. Kwa hiyo hakuyasikia. Angeweza kumpa kalamu sasa hivi, naye asingejua kamwe. Au angeweza kuyasoma polepole, kwa uzito, akikazia pale anapotaka akazie, na kila kitu kingefunuka bila yeye kutoa siri ya mtu. Akajiuliza: nikisoma, namsomea yeye au najisomea mimi? Hakupata jibu safi. Alichojua ni kwamba chini ya karatasi ile angetia sahihi kuwa ameisoma yote, na kwa miaka tisa sahihi yake ilikuwa kweli.

Akaisoma kama alivyoisomea watu wote, kwa sauti ya kawaida, bila kusita.

"'Ndugu mtoaji. Unatoa seli zako kwa hiari yako. Una haki ya kukataa sasa, na hutaulizwa sababu. Ukikataa, jamaa zako hawataambiwa. Wataambiwa tu kwamba hufai kitabibu. Siri hiyo haitatolewa na mhudumu yeyote wa kitengo hiki, sasa wala baadaye.' Je, unakubali kutoa?"



Nje, lori la majani lilikuwa likipanda kilima kwa gia ya chini. Lilipita. Weldon alikuwa ameacha kutazama ukuta.

"Rudia hapo," alisema taratibu. "Hapo pa jamaa."

Akarudia. Sauti yake iligoma kidogo kwenye neno kitabibu, na hilo hakuweza kulizuia.

"Hii husomewa kila mtu?"

"Kila mtu."

"Kila mtu aliyekaa kwa hiki kiti?"

"Weldon." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina siku hiyo. "Usiniulize juu ya mtu mwingine. Nakuomba. Mimi nakuuliza wewe. Unakubali?"

Alimtazama. Kemuma aliona jambo likiingia ndani yake na kuketi. Aliona taya likikaza, halafu likilegea, halafu midomo ikitetemeka kama ya mtoto aliyegundua kuwa amempiga asiyemkosea.

"Nakubali," alisema. "Weka sindano."

*

Mashine ilinguruma kwa upole. Damu ya Weldon ilipanda kwenye mpira, ikazunguka, ikarudi. Saa nne nzima hakuruhusiwa kukunja mkono wowote. Machozi yalipomjia hakuwa na mkono wa kuyafuta, yakashuka hadi masikioni.

Kemuma alichukua kipande cha pamba, akayafuta. Kazi yake ilimruhusu.

"Nilikwambia umenyamaza na Janeffer anakufa," Weldon akanong'ona.

"Usiongee sana. Shinikizo la damu linapanda."

"Kemu, wewe ulisimama mlangoni kwako ukanisikia nikisema hivyo. Na ulikuwa na maneno mdomoni."

"Sikuwa na maneno yoyote."

"Ulikuwa nayo."

"Weldon, mimi sijui unamzungumzia nani." Alirekebisha kibano ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. "Na siku yoyote utakayoniuliza, jibu langu litakuwa hilo."

Weldon alikaribia kutabasamu, na tabasamu lile bovu lilimuuma Kemuma kuliko maneno yote ya mama yake. "Wewe ni mgumu kama jiwe la Kimulot."

"Midomo inakufa ganzi?"

"Inawasha kidogo."

"Ni dawa ya kuzuia damu isigande. Inakula madini ya mwilini. Utahitaji maziwa."

Aliufungua mlango kidogo na kuomba maziwa. Mama aliinuka papo hapo na buyu lake, lakini miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Akampa Kiplimo. "Mpelekee ndugu yako."

Kiplimo akaja. Alifika kwenye kizingiti, na pale akakwama. Kutoka hapo aliona mpira mwekundu na gurudumu likizunguka. Uso wake ukawa wa majivu. Akanyoosha mkono wenye buyu, mkono ule mkubwa uliobeba magogo, akaunyoosha hadi ulipokoma, miguu yake ikibaki ng'ambo ya mstari wa mlango. Buyu lilikuwa likitetemeka. Ulibaki mwendo wa hatua mbili, naye hakuweza kuzipiga.

Weldon alimtazama kutoka kitini. Wala hakuonekana kukasirika. Alimtazama ndugu yake kwa huzuni kubwa, kama mtu anayemwona mwenzake akizama na yeye amefungwa mikono yote miwili.

Kemuma akapiga hatua zile mbili, akalipokea buyu. Mikono yao ilipogusana, Kiplimo alisema kwa sauti ya chini sana, "Sista..." Hakuendelea.

Mama alikuwa ameshachechemea hadi mlangoni. "Mbona amesimama hapo kama mgeni? Wewe sista umemkataza kuingia? Hata kumpa mwenzake maziwa, hafai?"

"Mama," Weldon akasema.

"Wacha niseme! Huyu mwanamke ametutenganisha na damu yetu. Leo Janeffer angekuwa amepata ya Kiplimo, nzima, si nusu. Mungu anamwona."

"Mama, nisikilize. Huyu sista..." Sauti yake ilikuwa imepanda. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, mishipa ya shingo imemsimama. Kemuma alijua kinachokuja. Neno moja, na jina lake lingesafishwa mbele ya mama, mbele ya Kimulot nzima, na viti vya kanisa vingeazimwa tena. Alilitamani neno lile. Na mlangoni Kiplimo alikuwa amefumba macho, akilingoja kama mtu anayengoja shoka.

Weldon akamwona.

"Huyu sista nini?" mama akauliza.

Gurudumu lilizunguka. Damu ikaenda, ikarudi.

"Amenidunga kila mkono mara moja tu," Weldon akasema. "Sikusikia uchungu."

Akarudisha kichwa kwenye mto. Mama akasonya, akamshika Kiplimo mkono, akamrudisha kwenye benchi.

Kemuma alimimina mursik kwenye kikombe, akamwinua kichwa, akamnywesha.

*

Mfuko ulijaa saa saba. Ulikuwa na rangi ya supu ya nyanya, na ulikuwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Kemuma aliuandika jina la Janeffer na kuukabidhi kwa mtu wa maabara, uingie kwenye barafu hadi siku ya kupandwa. Kisha akatoa sindano moja, akatoa ya pili, akabana pamba kwa kidole gumba, kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

"Nikikusafisha wewe, nimemzika yeye," Weldon alisema, akitazama kidole kile. "Mama hatamwona tena kama mtoto wake. Namjua. Na yeye pia ninamjua, Kemu. Atajinyonga."

"Najua... Hapana. Sijui unamzungumzia nani."

"Na nikikuoa bila kukusafisha, utaamka kila asubuhi kwa nyumba ambayo inakuita muuaji. Na kama Janeffer..." Hakulimaliza. "Mbegu zisipoota, watasema ni wewe. Siku zote watasema ni wewe. Nami nitakuwa nimekaa hapo nakunywa chai."

"Ndiyo."

"Wewe ungefanya nini?"

Alitaka kusema: ningekuchukua hata hivyo. Alitaka kusema: nipeleke mahali ambapo hakuna mtu anayenijua, Londiani, popote. Lakini alikuwa amejifunza kunyamaza kwa kazi, na sasa kunyamaza kulikuwa kumeshamzoea.

"Ningemwangalia ndugu yangu," alisema mwishowe.

Weldon aliinamisha kichwa. Alikuwa amelitarajia jibu hilo, na alikuwa ameomba lisije.

Alipokuwa akishusha mikono ya shati, Kemuma akachukua tena ubao wake. "Kesho saa nne nitakupigia simu. Halafu baada ya siku saba. Halafu siku ya thelathini. Ni sharti kwa kila mtoaji."

"Utaniuliza nini?"

"Kama una homa. Kama mgongo unauma. Kama umeona damu mahali."

"Na baada ya siku ya thelathini?"

"Faili linafungwa."

Alisimama. Alivaa koti lake la kijani, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni, taratibu, cha chini hadi cha juu. Kwenye pazia akageuka.

"Basi siku ya thelathini," alisema, "niulize polepole."

Akatoka. Kemuma alisikia mama akimpokea, akisikitikia midomo yake iliyopauka, na nyuma ya sauti hiyo, mabuti mazito ya mtu asiyesema chochote yakiwafuata hadi mwisho wa ukumbi. Nje ukungu ulikuwa bado haujapanda.

Alibadilisha shuka la kiti. Akainua kikombe amwage mursik iliyobaki. Akasita, akainywa badala yake, funda moja la mwisho, chachu na yenye harufu ya mkaa. Hapo ndipo alipoikumbuka siku ya Kimulot, kikombe kilipomruka.

Kisha akaketi kujaza fomu. Muda wa kuanza. Muda wa kumaliza. Hali ya mtoaji: nzuri. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu mitupu, na juu yake maneno: jambo lolote ambalo muuguzi angependa kueleza.

Aliishika kalamu, akaisoma tena mistari ile mitupu. Akaandika, kwa mwandiko wake safi: Hakuna. Akatia sahihi.

Kwa miaka tisa, ile ndiyo ilikuwa sahihi yake ya kwanza ya uongo.